Aliyegawa Bunduki Anaachwaje?

Ndugu zangu, wengine mmenisikia nikiyasema haya mpaka mmechoka. Nitayasema tena.

Oktoba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2653, vikwazo dhidi ya magenge ya Haiti. Kenya ilikuwa mwanachama, nasi tukaunga mkono. Orodha ikaanza na jina moja tu: Jimmy Chérizier, wanamwita Barbecue, polisi wa zamani, ambaye magenge yake yalikuwa yameziba njia ya kituo cha mafuta cha Varreux. Haya, Barbecue kapigwa marufuku kusafiri. Kwani alikuwa anakwenda wapi? Paris, kushona suti?

Desemba 2023 wakaongezwa wanne, wote wakuu wa magenge. Mwanasiasa akaja kuingia Septemba 2024, karibu miaka miwili baadaye: Prophane Victor, mbunge wa zamani kutoka Petite-Rivière, mkoa wa Artibonite. Hapa mnivumilie kidogo. Mheshimiwa huyu, kwa maelezo ya Umoja wa Mataifa, aliwapa vijana wa kwao silaha ili ashinde uchaguzi na kulishika eneo. Msinitazame hivyo, mnajua vijana hukodiwaje msimu wa kura. Yeye akaenda bungeni, bunduki zikabaki kijijini. Vijana wale ndio wakawa Gran Grif. Oktoba 2024 Gran Grif wakavamia mji wa Pont-Sondé, wakaua watu wasiopungua 70. Februari 2025, mkoa huohuo wa Artibonite, polisi wa kwanza wa Kenya katika kikosi cha kimataifa cha kupambana na magenge akapigwa risasi akafa. Mtoto wa watu, kazikwa. Na aliyegawa bunduki za mwanzo alikuwa na miaka mingapi ya kutembea na pasipoti yake mfukoni?

Najua kuna atakayesema vikwazo humuumiza maskini. Kweli, vile vya 1991 hadi 1994 viliikaba Haiti nzima. Mnyonge akalala njaa, wakubwa wakachuma kwa mafuta ya magendo. Ndiyo maana nasema tuwataje watu, tusiifungie nchi. Mwenye nyumba Florida na akaunti ya dola, ukimnyima viza na kuzuia fedha zake, umemgusa. Kanada ililiona hilo mapema: Novemba 2022 ilimwekea vikwazo rais wa zamani, Michel Martelly, ikimtuhumu kuyafadhili magenge. Marekani ikafuata Agosti 2024. Lakini ile kamati ya vikwazo ya Baraza la Usalama, kule New York, jina haliingii mpaka wajumbe wote 15 waafikiane, kwa hiyo mwenye marafiki hupumua.

Nilitaka kuzungumzia bandari, maana silaha hizo nyingi hutoka Florida zimefichwa ndani ya makontena ya bidhaa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi liandikwe hili moja: kabla ndege ya kwanza ya polisi wetu haijaruka Juni 2024, Nairobi ilikuwa na haki ya kudai majina ya wafadhili yawekwe mezani kwanza.

Maswali. Na yule wa posho za askari, bwana, subiri kidogo, tuanze na akina mama.