Mita 200 za Mwisho: Kwa Nini Misuli Hugoma

SALMA: Karibuni. Leo tuko kwenye mbio za mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, jijini London, David Rudisha aliweka rekodi ya dunia: dakika 1 na sekunde 40.91. Mzunguko wa kwanza sekunde 49.28, wa pili 51.63. Hata siku ya rekodi, miguu ilipungua kasi. Kaka Juma, ndani ya paja kunatokea nini?

JUMA: Tuanze na umbo lake, dada. Msuli umefungwa kwenye mfupa kwa kano. Ukiuchambua unakuta mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu. Ndani ya uzi kuna vijiuzi vyenye pingili ziitwazo sakomea, kila pingili ina urefu wa maikromita 2 hivi. Humo ndimo nguvu inamozaliwa. Kuna nyuzi nyembamba za aktini na nene za mayosini.

SALMA: Na msuli ukijikunja, nyuzi hizo zenyewe hazifupiki.

JUMA: Hata kidogo. Zinapishana. Vichwa vya mayosini hushika aktini, huvuta, huachia, hushika mbele zaidi, kama mabaharia wanaotweka tanga mkono baada ya mkono. Makundi mawili ya watafiti yalilieleza hilo mwaka 1954: Hugh Huxley na Jean Hanson, na vilevile Andrew Huxley na Rolf Niedergerke.

SALMA: Amri ya kuvuta inafikaje?

JUMA: Neva humwaga kemikali ya kupeleka amri iitwayo asetilikolini, umeme hukimbia juu ya uzi na kuzama ndani, maghala ya kalsiamu yakafunguka. Kalsiamu huondoa kizuizi kinachofunika aktini. Ikirudishwa ghalani, msuli hulegea. Na hapa nasisitiza: hata kuachia kunahitaji ATP, ile kemikali inayoipa seli nishati. Maiti hukakamaa kwa sababu ATP imekwisha na vichwa vya mayosini vimeng'ang'ania.

SALMA: Nayo akiba ya ATP ni ndogo mno. Kwa kasi kamili ingetosha sekunde 2 au 3. Kreatini fosfeti, akiba nyingine ya msuli inayoitengeneza ATP upya, huongeza sekunde 10 hivi. Baada ya hapo wanga huvunjwa kwa haraka na kutoa laktati, ile ambayo watu huiita asidi ya laktiki na kuilaumu.

JUMA: Wanaionea! Laktati ni chakula cha moyo na cha nyuzi za polepole. Ukimaliza mbio, baada ya saa moja hivi imeshaondoka karibu yote. Haiwezi kuwa ndiyo inayokuumiza kesho kutwa. Maumivu yale hutokana na nyuzi kuchanika kidogo kidogo, hasa ukikimbia mteremko, kwa sababu paja linakaza huku likirefushwa.

SALMA: Basi kinachogomesha ni nini?

JUMA: Kwanza fosfeti. Kreatini fosfeti ikivunjika, fosfeti hubaki. Hulegeza mshiko wa mayosini, kisha huingia ghalani na kugandana na kalsiamu, kwa hiyo amri inayofuata hutoa kalsiamu kidogo. Pili, potasiamu hujaa nje ya uzi na umeme hudhoofika. Haidrojeni, ile inayoleta uasidi msulini, inachangia, ila si kwa kiasi kilichofundishwa zamani. Ubongo nao hupunguza amri.

SALMA: Kwenye marathoni hesabu ni nyingine. Misuli ina gramu 400 hivi za glaikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba mwilini, ini kama 100. Wengi huzimika baada ya kilomita 30 akiba hiyo ikikauka. Dawa yake ni kula mapema: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ukichanganya glukosi na fruktosi unaweza kufika 90, ila tumbo lizoeshwe wakati wa mazoezi. Siku ya mashindano usijaribu kitu kipya.

JUMA: Na makocha, tafadhalini, angalieni mapumziko. Mkimbiaji akipiga mita 200 kwa kasi kamili halafu akapewa dakika 1, mnafundisha uvumilivu, kasi hampati. Kreatini fosfeti inahitaji dakika 3 hadi 5 kurudi.

SALMA: Glaikojeni je?

JUMA: Saa 24, wakati mwingine zaidi. Kama kuna mbio nyingine kesho, saa 4 za kwanza ale gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito, kila saa. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60, sawa na ugali wa gramu 80 hivi za unga mkavu.