Mlango wa Wavu, na Siku Moja Mji Kasoro Bahari

ZUHURA: Habari zenu popote mlipo, karibuni kwenye kipindi. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu hapa kaja na maneno yake mdomoni, hata maikrofoni haijawashwa.

BARAKA: Shikamoo kwanza, dada Zu.

ZUHURA: Marahaba. Haya, yatoe.

BARAKA: Wewe umepanga Tabata, sivyo? Nyumba ya watu. Juzi napita kwako nakuta fundi seremala yuko uani, tepu mkononi, anapima fremu. Nikajiuliza, huyu dada anamjengea mwenye nyumba kwa hela yake?

ZUHURA: Mlango mmoja wa wavu ndio "kujenga"?

BARAKA: Leo wavu, kesho vigae, keshokutwa umemalizia nyumba ya mtu na kodi anakupandishia kwa sababu nyumba imependeza.

ZUHURA: Sikiliza nikuambie shida yenyewe. Mlango wangu wa uani ni wa chuma, bati tupu. Ukiufunga umefunga. Saa kumi na mbili jioni mbu wanaanza, naufunga. Kuanzia hapo nyumba inatokota. Feni inazunguka, lakini inazungusha joto lile lile lililokuwepo. Unalala na kitambaa cha maji kichwani kama mgonjwa.

BARAKA: Hiyo ni Dar nzima, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi.

ZUHURA: Ni Dar nzima kwa sababu Dar nzima tumeziba. Geti limezibwa bati, ukuta mrefu, madirisha ya alumini yale ya kuteleza ambayo nusu yake tu ndiyo inafunguka, pazia zito juu yake. Halafu tunasema hakuna upepo. Upepo upo, umekosa pa kupita.

BARAKA: Kwa hiyo fundi kafanya nini hasa?

ZUHURA: Fremu ya mbao, imekaa upande wa ndani wa ule mlango wa chuma. Jioni naacha wa chuma wazi, wa wavu umefungwa, nikienda kulala ndio nafunga chuma. Ila kuna vitu vitatu vinne ukikosea umepoteza hela. Wavu wenyewe: ule wa chuma huku pwani usinunue. Hewa ya chumvi inaula, unashika kutu na kuanza kutoboka. Chukua wa alumini, au huu wa nyuzi unaouzwa kwa mita. Wa nyuzi ni rahisi ila kama una paka, pole.

BARAKA: Paka ataupanda.

ZUHURA: Ataupanda na kucha zake zote. Kwa hiyo chini, kama futi mbili hivi, mwambie fundi aweke ubao badala ya wavu. Paka hafiki kirahisi, na mtoto hausukumi kwa mguu. Halafu wavu usipigiliwe misumari mitupu. Unavutwa, unabanwa na kijiubao chembamba pembeni pande zote nne, ndipo misumari midogo inaingia kwenye kijiubao. La sivyo, siku ya tatu unalegea katikati.

BARAKA: Na ule uwazi wa chini? Mlango wangu mimi panya anapita akiwa amesimama.

ZUHURA: Ukanda wa mpira. Na springi juu, mlango ujifunge wenyewe, maana kwenye nyumba yenye watoto hakuna anayefunga mlango. Wavu usiofungwa ni pambo tu.

BARAKA: Na usisahau kuna mbu wa mchana pia. Tulivyopata dengi hapa mjini mwaka 2014, halafu 2019 tena, yule siyo mbu wa usiku.

ZUHURA: Ndiyo, yule mwenye miguu ya madoa meupe. Kwa hiyo wavu unafanya kazi zamu zote mbili.

BARAKA: Haya, nimeelewa mlango. Ila wazo umelitoa wapi? Umekaa nyumba ile muda wote huo unalalamika joto, ghafla tu umekuwa mhandisi.

ZUHURA: Nimelitoa Moro, Morogoro nilikokulia.

BARAKA: Eeh! Wenyewe wa mji kasoro bahari. Kila kitu kipo isipokuwa pwani.

ZUHURA: Na pwani yenyewe sasa hivi iko karibu. Nilipanda treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, asubuhi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

BARAKA: Na hiyo ndiyo siamini mpaka leo. Moro ya kwenda na kurudi na bado unawahi chakula cha usiku.

ZUHURA: Chini ya saa mbili, mdogo wangu. Ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 watu walikuwa wanapanda kwenda kutembea tu. Inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, maji kwenye chupa yametulia. Mimi niliyezoea basi, ile safari ya Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mikese, nilikosa kitu kimoja.

BARAKA: Chalinze.

ZUHURA: Chalinze! Treni haipiti Chalinze. Inapita Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, hao mmefika. Hakuna mtu anayekugongea dirisha na korosho, hakuna mahindi ya kuchoma. Na stesheni ya Moro iko Kihonda, siyo katikati ya mji. Unashuka, unachukua bajaji.

BARAKA: Na mlima?

ZUHURA: Uluguru ule ule. Una mawingu juu, chini jua. Sisi tulikuwa tunaangalia mlima ndio tunajua kama nguo zianikwe.

BARAKA: Mlikuwa mnakaa wapi vile?

ZUHURA: Mji Mpya. Nyumba ya Kiswahili kabisa: baraza mbele, mlango mkuu, ukiingia ukumbi mrefu unaonyooka mpaka mlango wa nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu uani kuna jiko, choo, na kamba za nguo. Sisi tulikuwa na vyumba viwili, wapangaji wengine wana vyao.

BARAKA: Umebisha hodi nyumba ya watu usiowajua?

ZUHURA: Nimebisha. Katoka mama mmoja, nimemsalimia, nimemwambia mimi nimekulia humu. Wala hakushangaa, akasema karibu, ingia. Nikaingia, nikasimama. Giza. Saa sita mchana, taa ya ukumbini inawaka.

BARAKA: Kwa nini?

ZUHURA: Mlango wa nyuma haupo. Ule mwisho wa ukumbi wameujengea ukuta, kimekuwa chumba cha saba. Chumba cha kupangisha. Uani sasa unazungukia nje, pembeni ya nyumba.

BARAKA: Ah. Hilo liko kila mahali. Hata kwetu Magomeni zile nyumba zilizobaki ni hivyo hivyo.

ZUHURA: Na simlaumu mwenye nyumba. Chumba ni kodi. Lakini ile nyumba ilikuwa inapumua kwa ule ukumbi. Milango miwili inatazamana, ukifungua yote upepo unaingia barazani unatokea uani, usiku unashuka wa mlimani, Juni na Julai mpaka unatafuta shuka la pili. Vyumba navyo vinapata hewa kutoka ukumbini. Sasa baba yangu alikuwa mtu wa kuhangaika na vitu vidogo. Juu ya mlango wa chumba chetu alikata dirisha dogo, upana kama kitabu kilichofunguliwa, akaweka wavu, akabana na vijiubao. Joto linapanda juu, linatokea pale.

BARAKA: Lipo bado?

ZUHURA: Lipo! Nilinyanyua macho nikaliona. Nikaomba kigoda nipande.

BARAKA: Dada Zu, nyumba ya watu!

ZUHURA: Yule mama kanishikia kigoda mwenyewe. Nikaligusa. Wavu upo, lakini umepakwa rangi. Kila anayepaka ukuta anapitisha brashi na pale. Pembeni ilipobanduka unaziona zimepandiana: buluu juu, chini yake maziwa, chini yake kijani, na ile kijani ndiyo yetu. Matundu yote yameziba. Ukigonga linalia kama ubao.

BARAKA: Duh. Kwa hiyo lipo ila halipo.

ZUHURA: Mkono uliniwasha nichukue pini nitoboe tundu moja moja. Nikamwambia yule mama hili lilikuwa la hewa, akaniambia, "Sisi tuna feni, mwanangu." Basi nikashuka.

BARAKA: Sasa hapo wazo la mlango limetoka wapi, maana umekuta kila kitu kimezibwa?

ZUHURA: Ng'ambo ya barabara. Kuna bibi mmoja, rafiki ya marehemu mama, nyumba yake haijaguswa. Nimemkuta kakaa ukumbini juu ya mkeka, milango yote miwili wazi, anachambua mchicha. Nikakaa naye. Kanipa ndizi mbivu. Na upepo unapita, Baraka, hakuna feni inayozunguka. Mlango wake wa nyuma ulikuwa na nini?

BARAKA: Wavu.

ZUHURA: Wavu wa fremu ya mbao, umeshonwashonwa na uzi wa nailoni palipochanika. Nikasema, mimi ninayejiona wa mjini nakaa kwenye tanuri, bibi huyu yuko kwenye kiyoyozi cha bure.

BARAKA: Umenikumbusha kitu kuhusu Moro. Kile kiwanda cha viatu.

ZUHURA: Enhe, simulia, watu wanakipenda hicho.

BARAKA: Miaka ya sabini, Benki ya Dunia inakopesha, kinajengwa kiwanda cha viatu Morogoro. Kiwanda cha kisasa, mipango ni kuvisha nchi nzima viatu na vingine viende Ulaya. Mashine zimekuja, kila kitu. Halafu jengo lenyewe: kuta za alumini, na hakuna mfumo wa kupitisha hewa.

ZUHURA: Moro! Kuta za bati, bila hewa.

BARAKA: Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ukafa 1990. Sasa siyo kwamba kilikufa kwa joto tu, kulikuwa na mashine kuharibika, vipuri hakuna, mengi. Lakini mtu aliyechora lile jengo hakuwahi kukaa kwenye ukumbi wa bibi yako.

ZUHURA: Wala wa mtu yeyote wa Mji Mpya. Wazee wa Moro ile ya viwanda wanakuhadithia yote, viwanda mchana, dansi usiku. Baba alikuwa shabiki wa bendi ya Cuban Marimba damu, jirani yetu wa Morogoro Jazz, walikuwa wanabishana kuhusu waimbaji wao, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, kama nyie na Simba na Yanga.

BARAKA: Usiniingize Simba hapa. Turudi kwenye nyumba. Mimi nina ukuta. Chini, kama mpaka kwenye goti, rangi inafura kisha inamenyuka, inatoka unga mweupe. Fundi maiko wangu, yule wa kubahatisha, kaja, kapaka rangi ya mafuta, kasema hii haitoki. Imetoka.

ZUHURA: Lazima itoke. Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanapita kwenye tofali yanabeba chumvi, yakifika usoni pa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Ukipaka rangi ya mafuta umeyafungia maji ndani, yanaisukuma rangi au yanapanda juu zaidi. Ulipakaa mpaka gotini?

BARAKA: Ndiyo.

ZUHURA: Sasa hivi unamenyuka wapi?

BARAKA: ...Pajani.

ZUHURA: Unaona! Bandua ile ya mafuta. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, usioshe na maji. Acha ukuta ukauke, kwa wiki, siyo kwa siku. Halafu toka nje uangalie: una maua yanayomwagiliwa pale ukutani? Maji ya bati yanadondokea hapo?

BARAKA: Kuna bomba. Koki inadondosha.

ZUHURA: Jamani! Na hilo ni bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, la kulipia. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, wiki haiishi umejaza ndoo ya lita 20. Unayamwagia msingi wa nyumba. Koki usiitupe, fungua, badilisha kile kimpira cha ndani, ukirudishia zungushia tepu nyeupe kwenye meno ya koki. Ukuta ukikauka paka chokaa, au rangi ya maji ya kawaida. Nao ukuta uachiwe upumue.

BARAKA: Hela ya kimpira ninayo. Ila swali langu la mwanzo hujalijibu, maana hata koki ni ya mwenye nyumba.

ZUHURA: Mimi nina mipaka yangu. Kilichojengewa, yaani ukuta, paa, mabomba ya ndani, namwambia yeye, na nikikubali kutengeneza tunaandikiana kwanza kwamba itakatwa kwenye kodi. Siyo kwa mdomo. Ujumbe wa simu wenye bei na jibu lake "sawa" unatosha kwangu. Kinachofungwa kwa skrubu ni changu.

BARAKA: Na mlango wa wavu umefungwa kwa?

ZUHURA: Bawaba tatu na skrubu. Mwenye nyumba kapita juzi, kaufungua, kaufunga, springi ikamrudishia, akacheka. Akaniomba namba ya fundi.

BARAKA: Kodi je?

ZUHURA: Kodi hajaigusa. Ila alipoanza kuniambia "nyumba inapendeza sasa," nilimwahi. Nikamwambia, baba, bisibisi ninayo, siku nikihama mlango nao unapanda kigari cha kirikuu.