Bizari Ile Mafuta Kwanza

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za jioni.

Hiyo harufu iliyowapokea mlangoni ni ya uzile. Wengi wa bara mnauita binzari nyembamba, na waliotoka Kenya wanaujua kwa jina la jira. Nimeutia kwenye mafuta ya moto sasa hivi, nikauacha utatarike kidogo, nikaepua kikaango. Sijavunja yai hata moja, na nitawaomba radhi kwa sababu nitachelewa kulivunja.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Ukimtuma mtoto dukani hapa Dar es Salaam akalete binzari, huenda akarudi na manjano matupu. Ukimtuma kwetu Unguja, muuzaji atamuuliza: bizari ipi, ya mchuzi au ya pilau? Bizari ya mchuzi ni mchanganyiko uliosagwa: gilgilani, uzile, manjano, pilipili manga, pengine uwatu, mdalasini na karafuu chache. Kila nyumba ina kipimo chake, na kuna nyumba hazikitoi hata kwa mkwe. Waomani nao wana mchanganyiko wao, na jina wanaloutaja linasikika kama letu. Basi leo nikisema bizari ninakusudia mchanganyiko huo. Manjano nitayaita manjano, maana ndiyo yaliyoipa rangi jina.

Sasa yai. Karibu robo tatu ya yai ni maji. Ute wake huanza kuganda joto likifika nyuzi 60 na kitu, na kiini hufuata kwenye 65 hadi 70. Maji ya chai yanachemka kwenye 100. Kwa hiyo yai huiva kwa joto dogo sana, na kwa haraka sana. Mayai ya kuvuruga kwenye moto wa wastani yanataka dakika mbili au tatu hivi. Ukipitisha hapo, ile nyama laini ya yai inajikaza, inakamua maji yake, na unaona sahani imetota huku mayai yenyewe ni makavu kama sponji.

Bizari ina tabia nyingine kabisa. Rangi ya manjano, ukali wa pilipili, harufu ya uzile, vyote vinayeyuka kwenye mafuta. Kwenye maji havitoki vizuri. Tena vinataka muda. Ukinyunyiza bizari kwenye mayai yaliyokwisha pigwa, unga unakutana na maji, unazungukwa na yai, yai linaganda, na kazi imekwisha kabla bizari haijaanza kuiva. Utapata rangi nzuri sana. Mdomoni utapata vumbi, na uchungu mwembamba unaobaki nyuma ya ulimi.

Nilijifunza jambo hili kwa kuumia. Ujana wangu nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja, na asubuhi tulikuwa tunapiga mayai mengi kwa mkupuo, bizari tunaitia humo humo kwenye ndoo. Sahani zilikuwa zinarudi nusu. Mkubwa wetu akaamua kwamba bizari haitoshi, tukaongeza, sahani zikarudi nyingi zaidi. Nikaenda nyumbani nikamsimulia bibi yangu. Hakuuliza kipimo wala aina. Alisema neno moja tu: "Bizari yenu haijala mafuta." Nimepika miaka mingi tangu siku ile na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Andikeni basi. Mayai sita. Mafuta vijiko viwili vya chakula, au samli ukiwa nayo. Kitunguu maji kimoja kikubwa kilichokatwa kidogo kidogo, tungule mbili, ambazo ninyi mnaziita nyanya, pilipili mbichi moja, kipande cha tangawizi kilichotwangwa. Uzile mzima nusu kijiko cha chai, gilgilani ya unga nusu kijiko, manjano robo. Ukitumia bizari ya mchuzi iliyo tayari, kijiko kimoja cha chai kisichojaa kinatosha.

Uzile unaingia kwanza kwenye mafuta, sekunde chache tu. Kisha kitunguu, na hapa ndipo watu wengi wanapokosa subira. Kitunguu cha mayai hakihitaji kuwa cheusi kama cha pilau, lakini lazima kilainike na kianze kugeuka rangi, dakika sita au saba. Tangawizi na pilipili vifuate. Bizari ya unga inaingia sasa, moto ukiwa mdogo, kwa sababu manjano huungua upesi na uwatu ukiungua unakuwa mchungu usiofichika. Koroga nusu dakika. Ukiona inashika chini, nyunyizia maji kijiko kimoja.

Halafu tungule. Zipike mpaka maji yake yaishe na mafuta yajitenge pembeni mwa kikaango. Msiruke hatua hii hata kama watoto wanalia njaa. Tungule mbichi zikibaki na maji, maji hayo yatahamia kwenye mayai, na mtalaumu kuku.

Rojo lenu likishakuwa zito na linang'aa, punguzeni moto. Wenye jiko la mkaa wafunike makaa kwa majivu. Mayai mmeshayapiga kwenye bakuli na chumvi yake. Tieni chumvi robo saa kabla ikiwezekana, husaidia yai kushika maji yake. Mimina, hesabu mpaka kumi bila kugusa, kisha vuta kwa mwiko kutoka pembeni kuja kati, taratibu, mapande yawe makubwa. Epua yakiwa bado yanamwekamweka, kwa sababu joto la kikaango litaendelea kuyapika. Kwa mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa, yaache yagande kabisa. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu. Kotmiri juu, ndimu kidogo, basi.

Hiki tulichokipika kina ndugu wengi. Mumbai wanakiita bhurji, kinauzwa barabarani na mikate midogo laini, na jina la mkate huo, pav, wamelirithi kwa Wareno. Tungule na pilipili zenyewe asili yake ni Amerika, zilifika Bahari ya Hindi baada ya Wareno kufungua njia zao, kwa hiyo sahani hii kwa sura yake ya leo haiwezi kuwa ya kale sana. Waparsi nao wana akuri. Hawa ni watu ambao wazee wao walitoka Uajemi wakahamia Gujarat, na baadhi yao walikuja kuishi Unguja. Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, wazazi wake walikuwa Waparsi. Akuri huepuliwa ikiwa laini mno, karibu ya kumiminika, na wenyewe wanasema ikikauka imeharibika. Na si akuri tu. Waparsi huvunja yai juu ya bamia zilizoungwa, juu ya tungule, juu ya viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti, wakafunika mpaka ute ugande. Angalieni mpangilio wao: kilicho chini kimeshakolea viungo, yai linakuja mwisho. Bibi yangu hakupata kula chakula chao, lakini wangeelewana.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu mchuzi wa mayai ya kuchemsha. Sheria ni ile ile, ila hapa tatizo ni kwamba yai zima lina ngozi ya utelezi, rojo halishiki. Chemsha dakika tisa au kumi, tumbukiza kwenye maji baridi ili kiini kisizungukwe na ule ukijani, kisha menya. Mayai yaliyotagwa leo yanasumbua kumenya, tafuta ya wiki moja. Yachome kwa uma sehemu mbili tatu, yapake manjano na chumvi, yakaange mpaka ngozi ifanye madoadoa. Hapo yakiingia kwenye rojo yanashikana nalo. Tui zito litie mwisho, moto mdogo, usifunike. Na wali wa siku hiyo usiutie nazi, mchuzi una nazi ya kutosha. Hayo ni maoni yangu, najua Tanga watanipinga.

Kijana wa nyuma anataka kujua kama chipsi mayai inakubali bizari. Inakubali, na ninafurahi umeuliza, maana ndicho chakula mnachokula kila usiku. Usichanganye bizari na mayai kwenye kikombe. Tia mafuta kijiko kimoja, bizari nusu kijiko cha chai, kitunguu na hoho vikaangike nayo, rudisha chipsi zijipake pande zote, ndipo umimine mayai mawili au matatu. Ukigeuza, geuza mara moja.

Kikaango changu kimepoa, nitakirudisha motoni. Nitapika sahani mbili, mayai ya trei moja na bizari ya kopo moja. Ya kushoto nitainyunyizia bizari juu ya yai kama tulivyofanya hotelini. Ya kulia bizari itakula mafuta kwanza. Chapati ziko kwenye kile kikapu. Sogeeni karibu, na tafadhali anzeni na ya kushoto.