Wine inavyoitafuta faili: kuandika njia nzima, kutoka C: hadi diskini

Habari zenu watazamaji, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea. Leo tunaandika maelezo ya jinsi Wine, yaani programu inayowezesha programu za Windows kuendeshwa kwenye Linux, inavyoitafuta faili. Mfano wetu ni kompyuta ya ghala la korosho, ambayo programu yake ya mizani inasoma C:\Mizani\KOROSHO.DAT. Atakayeikuta kompyuta hiyo msimu ukifunguliwa ajue faili iko wapi hasa.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika:

ls -l ~/.wine/dosdevices

Tazama hapa. Mshale wa c: unaelekea ../drive_c, na wa z: unaelekea /, yaani mzizi wa mfumo mzima. Diski C haipo. Hicho ni kiungo tu, jina lake herufi ndogo na nukta pacha. Mzani wa kebo ya serial nao umo humo humo, kwa jina kama com1 au com2. Nakili orodha yote kwenye maelezo yako. Kama flashi ni e:, andika na inakoelekea, maana siku ikipachikwa kwa jina jingine kiungo kitaelekea patupu, na programu itasema faili haipo.

Sasa tutumie winepath, amri ya Wine inayogeuza njia ya Windows kuwa ya Linux, pamoja na realpath inayofuata viungo hadi mwisho. Andika:

realpath "$(winepath -u 'C:\Mizani\KOROSHO.DAT')"

Zile alama moja moja za kunukuu usiziache. Bila hizo terminali inameza mikwaju (\), inabaki C:MizaniKOROSHO.DAT. Jibu utakalopata ndiyo anwani halisi ya faili.

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo hesabu zinapopotea. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, Linux inajali. Wine hujaribu kwanza jina kama lilivyoombwa. Likikosekana, inapita folda moja baada ya nyingine, inasoma majina yaliyomo na kuyalinganisha bila kujali ukubwa wa herufi. Ndiyo maana folda yenye maelfu ya faili hufunguka polepole.

Je, mtu akiwa amehifadhi korosho.dat kando ya Korosho.dat? Programu inaomba KOROSHO.DAT, jina kamili halipo, basi Wine inachukua lile inalolikuta kwanza. Mpangilio huo ni wa diski, si wa alfabeti. Usiukisie kwenye maelezo yako. Endesha winepath uandike ilichojibu.

Kuzikamata pacha hizo, ingia ndani ya folda ya Mizani, uandike:

ls | sort -f | uniq -Di

Isipotoa kitu, uko salama. Ikitoa majina mawili, funga programu kwanza, kisha moja libadilishe liwe korosho-ya-zamani.dat kabla hujanakili chochote. Flashi nyingi ni za FAT, mfumo wa kupanga faili diskini, nayo haitofautishi majina hayo: ukizinakili zote mbili kama zilivyo, ya pili inaweza kuandikwa juu ya ya kwanza.