Kwa Nini Nililipa Ili Nikatembee kwa Miguu

Hamjambo, ndugu zangu. Tangu nilipoweka picha niliyopigwa mbele ya kanisa kuu la Santiago de Compostela, swali limekuwa lile lile: kwa nini mtu anayefanya kazi za usiku huku Uingereza alipe fedha zake ili akatembee kwa miguu kilomita 115 nchini Hispania, katika njia ya mahujaji iitwayo Camino de Santiago, inayoishia kwenye kanisa hilo? Wapo walioandika kwamba ninaringa, na nilipotaja joto, wengine wakauliza mtoto wa Tanga analalamikia joto gani. Naomba mnisikilize kabla ya kuandika tena.

Njiani hakuna anasa. Nililala katika vyumba vya pamoja vyenye vitanda vya juu na chini, kwa euro 10 kila usiku. Fedha zangu zililiwa na ruhusa ya kwenda. Mwenye pasipoti ya Tanzania, hata akiwa na kibali halali cha kuishi Uingereza, huhitaji viza ya Schengen, yaani ya kuingia kundi la nchi za Ulaya ambamo Hispania imo, ambayo ada yake ni euro 90, na wakala anayepokea maombi hutoza yake juu ya hiyo. Kwa wakala huyo nilikwenda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza walikataa taarifa yangu ya benki kwa kukosa muhuri, sharti ambalo halikuwamo katika orodha niliyopewa. Nilipoteza siku mbili za kazi pamoja na nauli, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwani wafanyakazi wenzangu niliokwenda nao walinunua tiketi tu. Ndiyo maana kile kijitabu cha mahujaji, ambacho hugongwa mihuri kila siku kuthibitisha kwamba umetembea, kilinigusa sana: hakuna aliyekigonga akaniuliza nina kiasi gani benki.

Tulianzia mji wa Sarria, kwa kuwa anayetaka cheti cha kumaliza hija lazima atembee angalau kilomita 100. Galicia, jimbo la Hispania tulilopita, ni eneo la mvua na majani mabichi, nami nilibeba koti la mvua na sweta zito. Ilikuwa mwisho wa Mei, na kibao cha duka la dawa pale Palas de Rei kilionyesha nyuzi 33.

Ni kweli nimezaliwa kwenye joto. Lakini Tanga, ikifika saa saba mchana, mtu hukaa barazani au chini ya mwembe. Hapandi vilima na begi la kilo 8 mgongoni. Hekima hiyo niliiacha kwa kuwafuata wenzangu waliopenda kuanza safari saa tatu asubuhi, na siku ya kutoka Palas de Rei hadi Arzúa, kilomita 29 za kupanda na kushuka, niliilipia. Melide, mji unaosifika kwa pweza wa kuchemsha, niliupita bila kuonja, mimi niliyekulia kwenye pweza, kwa sababu tumbo lilikataa chochote isipokuwa maji. Pale Ribadiso nilitumbukiza miguu katika mto Iso, nikalia, kwa kuwa bado zilibaki kilomita 3 za kupanda.

Kuanzia siku iliyofuata niliondoka peke yangu saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi, na kulipokucha nilikuwa tayari katika kivuli cha mikaratusi.

Mnaoniuliza kama nanyi mje, siwezi kuwajibia. Mimi nilikuwa na siku saba za likizo, akiba ya miezi minane na miguu yenye afya. Mwingine ana ada za watoto, na hesabu yake ni yake.

Niliingia uwanja wa Obradoiro, ulio mbele ya kanisa kuu, saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Watu wengi walilala katikati ya uwanja wakilitazama kanisa. Mimi nilitafuta ukuta wenye kivuli, nikavua viatu, nikakaa pale hadi wenzangu walipofika.