Shanga za plastiki, kutu na seli ya damu

Shikamooni walimu wangu mliokaa huko nyuma, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Sogeeni mbele kidogo maana hiki kityubu nilichoshika ni kidogo na nataka kila mtu akione. Humu ndani kuna maji ya kahawia, kama chai ya rangi iliyowekewa majani mengi, si mnaona? Sasa naweka sumaku pembeni, tusubiri kidogo, tusiwe na haraka... haya angalieni. Ule ukahawia wote umehamia upande mmoja umejibana ukutani na maji yametakata. Natoa sumaku, natikisa, umerudi vile vile kama hakijatokea kitu.

Huo ukahawia ni shanga. Maabara wengi tunasema bidsi lakini leo nitaziita shanga maana ndivyo zilivyo, viduara vya plastiki, kila kimoja kina upana wa maikromita 4.5, na maikromita moja ni milimita umeigawa mara elfu. Unywele wa kichwani ni maikromita kama 70 hivi, kwaiyo unapanga shanga kumi na tano kwenye mstari ndo unajaza upana wa unywele mmoja. Mliponialika mlisema nichague, ama niongelee polima, yaani molekuli za minyororo mirefu kama plastiki, ama sumaku za utando mwembamba, ama baiokemia ya seli. Nimeshindwa kuchagua kwa sababu kwenye hiki kityubu vyote vitatu vinakutana, na kuna jambo moja linavifunga pamoja ambalo mimi limenichukua miaka kulielewa vizuri, nalo ni kwamba kitu kikishakuwa kidogo sana basi saizi yake ndo inaamua tabia yake. Siyo tu kimetengenezwa na nini. Kina ukubwa gani.

Tuanze na plastiki. Hii ni polistairini, ndugu yake kabisa lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la tivii. Ni mnyororo mrefu wa molekuli za stairini zilizoshikana mkono. Leo tunalisema hilo kirahisi lakini mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika kwamba hivi vitu ni minyororo mirefu iliyofungwa kwa bondi za kawaida za kemia, wakemia wakubwa wa wakati ule wakamkatalia, wao waliona ni molekuli ndogo ndogo zimekusanyika tu. Alibishana nao miaka mingi. Nobeli yake ilikuja 1953, ana miaka zaidi ya sabini.

Sasa kutengeneza polistairini siyo kazi. Kazi ni kutengeneza shanga za polistairini ambazo zote zina saizi moja. Ukikoroga stairini kwenye maji na sabuni unapata ama viduara vidogo sana chini ya maikromita moja, ama vikubwa vya kila saizi, huyu mnene yule mwembamba. Katikati hapo, kati ya maikromita 2 na 20, palikuwa pagumu mno. Na shida moja ilikuwa mvuto wa dunia, kwa sababu kiduara kikiwa kinakua kinaanza kuelea au kuzama, ukikikoroga kisizame vinagongana vinagandana unapata uji wa mabonge. Marekani kuna mtu anaitwa John Vanderhoff, wa chuo cha Lehigh, yeye akasema basi tutoke kwenye mvuto, na kweli NASA, shirika la anga la Marekani, wakabeba mtambo wake kwenye chombo chao cha anga, shuttle, kuanzia 1982, na shanga za maikromita 10 zilizotengenezwa huko juu zikaja kuuzwa 1985 kama kipimo cha kusawazishia mashine za maabara. Bidhaa iliyotengenezwa angani ikauzwa duniani, fikiria.

Lakini Norway, mji wa Trondheim, profesa John Ugelstad alikuwa ameshapata njia yake hapa hapa chini, miaka ya sabini. Na njia yake naipenda sana kwa sababu ni osmosisi, ile ile mliyofundishwa sekondari na kipande cha kiazi. Sikilizeni. Ukichukua kiduara kidogo cha polistairini ukakipa stairini ikinywe, kinakunywa kidogo tu, mara moja hadi tano ya ujazo wake alafu kinatosheka. Kwanini? Kwa sababu ndani yake kuna minyororo mirefu lakini michache kwa idadi, na kwenye osmosisi kinachovuta ni idadi ya molekuli, siyo uzito wake. Ugelstad akafanya hivi, kwanza akakipa kiduara kile molekuli fupi fupi zisizoyeyuka kwenye maji, zikaingia nyingi sana ndani zikakwama humo haziwezi kutoka. Sasa ndani kuna halaiki. Ukileta stairini inavutwa kwa nguvu, kiduara kinakunywa mara mia na zaidi ya ujazo wake, na kwa sababu vyote vilianza na saizi moja na vyote vina njaa sawa, vinakua kwa pamoja. Pigeni hesabu wenyewe, kiduara cha maikromita 1 kikinywa mpaka ujazo uwe mara mia, upana unakuwa mara 4.6. Ndo hizi hizi.

Mtu ataniuliza, kwani saizi moja ina umuhimu gani? Una umuhimu kwa sababu shanga zenye saizi moja zinabeba chuma kiasi kile kile, zinakimbilia sumaku kwa mwendo ule ule, zina nafasi ile ile ya kubandika protini juu yake, kwaiyo jaribio la Jumatatu na jaribio la Ijumaa yanalingana. Bila hapo hamna sayansi, kuna kubahatisha.

Chuma sasa. Shanga zile zinatengenezwa na vitundu ndani kama sponji, unaingiza chumvi ya chuma kwenye vitundu, unapandisha pH, yaani unapunguza asidi, chuma kinageuka oksaidi mle mle ndani. Ukipenda sema ni ndugu wa kutu. Alafu unaifunika shanga kwa koti jembamba la polima ili kutu isitoke.

Hapa ndo pana maajabu yangu mimi. Chukua msumari, usugue na sumaku, utabaki na usumaku hata sumaku ikiondoka. Msumari una kumbukumbu. Zingekuwa shanga hizi zina kumbukumbu, nikitoa sumaku zingebaki zimeng'ang'aniana bonge moja na seli zako humo katikati, kazi imeharibika. Lakini mmeona nilipotikisa zilitawanyika. Ni kwa sababu chembe za oksaidi mle ndani ni ndogo sana, nanomita kama 10, na nanomita ni maikromita umeigawa tena mara elfu, na chembe ikiwa ndogo hivyo joto la kawaida tu la chumba hiki linatosha kuugeuza geuza mwelekeo wa usumaku wake kila mara, haukai. Ukileta sumaku zote zinageukia upande mmoja zinatii, ukiondoa zinasahau papo hapo. Mfaransa Louis Néel ndo aliyeieleza hesabu yake mwaka 1949. Chuma ni kile kile, oksaidi ni ile ile, umepunguza saizi tu na tabia imebadilika kabisa.

Na utando mwembamba ni hadithi hiyo hiyo kwa upande wa unene. Mwaka 1988 makundi mawili, la Albert Fert kule Orsay Ufaransa na la Peter Grünberg kule Jülich Ujerumani, walikuwa wanapanga tabaka za chuma na kromiamu kama maandazi yaliyopangwa na karatasi katikati, chuma, kromiamu, chuma. Kromiamu ikiwa na unene wa nanomita 0.9, yaani atomu chache tu, tabaka mbili za chuma zinageukiana kinyume, huyu kaskazini yule kusini. Elektroni nayo ina mwelekeo wake, inaitwa spini, ikipita tabaka la kwanza vizuri inagonga mwamba kwenye la pili. Ukileta sumaku kwa nje, tabaka zote zinaelekea upande mmoja, njia inafunguka, ukinzani wa umeme unashuka. Kwa Fert ulishuka karibu nusu, japo ilikuwa kwenye baridi kali ya hiliamu ya maji, nyuzi kama 269 chini ya sifuri. Badilisha unene wa kromiamu kidogo tu na chuma zile zinaacha kugeukiana kinyume. 1997 IBM wakaingiza ujuzi huo kwenye kichwa cha kusomea diski ngumu ya kompyuta, hard disk, 2007 wale wawili wakapewa Nobeli. Na mnaona inapoelekea, utando ambao unahisi sumaku ndogo kiasi hicho unaweza kuhisi shanga moja iliyotua juu yake, na 1998 watafiti wa maabara ya jeshi la maji la Marekani walionyesha hivyo, shanga zinatua kwenye chipu na chipu inazihesabu.

Tuje kwenye seli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo nyumbani kwangu.

Juu ya shanga unabandika kingamwili, protini ambayo inatambua alama moja tu juu ya seli. Unaziweka kwenye damu, unazungusha taratibu, zinashika seli zenye alama hiyo, unaweka sumaku, unamwaga zingine, basi. Moja ya kazi za kwanza kabisa, 1984, ilikuwa kusafisha uboho wa watoto wenye saratani ya neva, wakazitoa seli za saratani kwenye uboho kabla ya kumrudishia mtoto. Na leo kwenye tiba ile ya kufundisha seli T, askari wa kinga ya mwili, zipigane na saratani ya damu, iliyoruhusiwa Marekani Agosti 2017, shanga zenye kingamwili mbili, moja ya CD3 na moja ya CD28, ambazo ni alama juu ya seli T, ndo zinaziamsha zile seli zianze kugawanyika, alafu sumaku inazitoa shanga kabla mgonjwa hajarudishiwa seli zake.

Ila kazi ninayotaka muikumbuke ni ya CD4, alama iliyo juu ya seli T ambazo virusi vya ukimwi vinaziua. Nyie wengi mlikuwa wadogo, lakini kuna wakati kuanza dawa za virusi vya ukimwi kulitegemea idadi ya CD4, na mashine ya kuhesabia ilikuwa ghali na iko hospitali kubwa tu. Njia ya shanga ilihitaji sumaku na maikroskopu. Kwanza unatoa monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, kwa shanga za alama yao CD14, hatua hiyo mtu asiruke, maana monosaiti nazo zina CD4 juu yake zitakuvurugia hesabu. Alafu unashika seli T kwa shanga za CD4, unaosha, unapasua seli, unatia rangi viini vyake, unahesabu kiini kimoja kimoja kwa jicho. Sumaku haili umeme! Nilianza kazi sehemu ambayo umeme ulikuwa unakatika wiki nzima, mashine ya kuzungusha damu imesimama, friza inavuja maji, na kile kisumaku kilikuwa kinafanya kazi yake. Siku moja nikaacha tyubu wazi mezani muda mrefu wakati naenda kutafuta mafuta ya jenereta, nikakuta shanga zimekauka, zimegandana, kingamwili zimeharibika. Wagonjwa tisa ilibidi waitwe tena kutolewa damu, wengine walikuwa wametoka mbali kwa miguu. Kwaiyo mkifanya kazi na shanga msiziache zikauke hata dakika, mkimwaga maji mnaweka bafa, yaani maji ya chumvi yanayotunza pH, hapo hapo.

Naona mkono pale, dada yangu uliza. ... Anauliza hizi shanga tunaweza kuzitengeneza hapa au lazima tuagize. Swali zuri. Shanga nzima yenye saizi moja kwa sasa hapa chuoni hapana, ni kazi ya miezi na stairini safi. Lakini chuma chake tunaweza, wiki hii. Njia ya Mfaransa René Massart ya 1981, unachukua chumvi ya chuma mbili na ya chuma tatu, yaani chuma kilichopoteza elektroni mbili na kilichopoteza tatu, kwa uwiano wa moja kwa mbili, unayeyusha kwenye maji, unamimina amonia huku unakoroga, na papo hapo maji yanageuka meusi tii. Hewa ikiingia sana yanaelekea kahawia, kwaiyo tutapitisha naitrojeni. Chumvi ninazo, amonia ipo, sumaku ni hii. Alhamisi saa nane mchana, maabara ya chini, njooni na koti na miwani, na dada wewe uliyeuliza ndo utamimina.