Ukienda kufundisha wasichana Malawi, tafuta kwanza kina mama wa shule

Haya, ingieni tu, viti viko huku mbele. Nimeambiwa niongee juu ya kwenda nje kujitolea, kufundisha na kuwa menta wa wasichana, na najua hapa Kisumu mtu akiskia "nje" anawaza London, lakini mimi nilienda Malawi, huko Dedza, na ugali wao unaitwa nsima, ni laini kuliko wetu, utazoea.

Sasa skizeni. Malawi shule ya msingi ni bure tangu 1994, sisi tulingoja hadi 2003. Darasa la kwanza utakuta watoto wamejaa mpaka wengine wako nje chini ya mti, lakini panda juu hadi la saba, la nane, wasichana wamepungua, na ukiuliza fulani ako wapi, wenzake wanaangaliana tu, ameolewa huyo. Na si ati hakuna sheria. Bunge lilisema ndoa ni miaka 18 mwaka wa 2015, ila katiba ilikuwa bado inaruhusu 15 mzazi akikubali, mpaka ikarekebishwa 2017. Lakini karatasi haiendi kumtoa mtoto kwa nyumba ya mume, anaenda mtu.

Na huyo mtu si wewe. Wewe mgeni, Chichewa yenyewe unaokoteza, ni nani atakufungulia mlango uongelee ndoa ya bintiye? Chifu Theresa Kachindamoto alikuwa sekretari wa chuo huko Zomba kwa miaka mingi, akarudi kwao Dedza kutawala, akavunja mamia ya ndoa za watoto, na machifu wadogo waliokaidi akawasimamisha. Alisikizwa juu ni wa kwao. Halafu shule nyingi za msingi ziko na kikundi cha kina mama, hao ndio hupita boma kwa boma wakitafuta walioacha shule, wengine hata wanashona sodo za kitambaa. Nenda ukae nao kabla hujashika chaki.

Kazi yako inaanzia pale msichana amerudi. Huyu amekaa nje mwaka mzima, pengine ana mtoto mgongoni, hesabu imemtoroka, na anaketi na watoto wadogo kwake wakimcheka, sasa hapo ndio wengi hutoroka mara ya pili. Mfundishe jioni, pembeni, mpaka awafikie wenzake. Na usimpige picha za kupost, tafadhali, hiyo tabia mimi siipendi kabisa.

Kitu ingine, hao wanaokutuma wakikwambia ni miezi mitatu, waulize mwezi wa nne nani anafundisha. Wakikosa jibu, tafuta binti wa hapo hapo aliyemaliza sekondari, afundishe na wewe tangu wiki ya kwanza, na kama kuna posho ipiganie ifike kwake.

Ndio, dada hapo nyuma, uliza.